Mstari na Jina: Michoro ya Wanyama ya Jonathan Kingdon

Kitenzi kuchora hakikuanzia katika karatasi. Kamusi kongwe za Kiswahili hutanguliza maana ya kutia nakshi kwa kukata, kisha ndipo hufuatisha maana ya kuandika sura kwa kalamu. Fundi wa milango huchora ubao kwa patasi. Mfinyanzi huchora chungu kibichi kwa kijiti. Mwanafunzi huchora karatasi kwa kalamu ya risasi. Katika kazi zote tatu pana kitu chenye ncha, na pana kitu kingine ambacho ncha hiyo hukigusa na kukiachia alama. Kwa sababu hiyo mtu asemaye kwa Kiswahili kwamba mchoro fulani umeingia ndani ya kitu hasemi fumbo. Asema yale ambayo kitenzi chenyewe kimeyabeba tangu zamani.

Yafaa maana hiyo iwekwe mbele wakati wa kupima kazi za Jonathan Kingdon, mchoraji na mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora mwaka 1935. Kazi hizo ni nyingi, na nyingi katika hizo ni za karatasi. Zilizo mashuhuri kupita zote ni michoro ya kalamu iliyochapishwa katika vitabu saba viitwavyo East African Mammals, kuanzia mwaka 1971 hata 1982. Vitabu hivyo aghalabu husifiwa na wataalamu wa elimu ya viumbe, nao wahakiki wa sanaa huvipita kana kwamba michoro yake ni kielelezo cha maneno tu. Sifa ya namna hiyo ni pungufu. Katika michoro hii maneno ndiyo yanayomfuata mchoraji, wala si mchoraji anayeyafuata maneno. Tena ndani yake limo swali linalowahusu sana watu wa lugha, yaani uhusiano wa umbo la mnyama na jina lake.

Mahali alipozaliwa mchoraji pana sehemu katika swali hilo. Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea magharibi hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, karibu na mji, mwaka 1872. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa mabega ya biashara hiyo yote, na mzigo uliotukuka kuliko mingine mabegani mwao ulikuwa pembe za ndovu. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, safari ya miguu ilikwisha. Lakini maneno ya njia hayakwisha.

Maneno hayo yastahili kutazamwa. Kiswahili cha misafara kilikuwa tajiri mno katika kumtaja mnyama aliyekwisha kukatwa. Pembe haikuwa pembe tu: ndogo iliitwa kalasha, na iliyoizidi kwa ukubwa iliitwa buri. Pembe ya kifaru ilikuwa kipusa. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, kipimo cha ratili 35 hivi. Hata neno ndovu lenyewe lilitumika kwa mnyama na pia kwa bidhaa itokayo kwake, hata mtu aliyesikia kwamba fulani ana ndovu alijua bila kuuliza kwamba hazungumziwi mnyama aliye hai. Hivyo njia ilimjua mnyama kwa kumgawa. Ilimgawa kwa ustadi na kwa majina mazuri, nayo haikuwa na haja ya kumuunga tena.

Picha za njia hiyo zilikuwa na kasoro ya namna nyingine. James Augustus Grant, aliyesafiri pamoja na Speke kati ya miaka 1860 na 1863, alichora kwa rangi za maji watu, mimea na nchi alizozipita, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Ni kazi za mtu aliyeketi mbele ya kitu akakitazama. Lakini wasomaji wa Ulaya hawakuziona karatasi hizo. Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863, picha zake zilitengenezwa na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London, akifuata zaidi michoro ya Grant, kisha zikakatwa katika mbao kwa ajili ya kupigwa chapa. Kilichotazamwa na mmoja kilichorwa upya na mwingine ambaye hakuwapo. Mapokeo ya picha za safari yaliyoanzia hapo yalimzoeza msomaji kumwona mnyama wa Afrika akiwa mbele ya bunduki, amesimama, anakimbia, au ameanguka. Katika hali hizo zote mnyama ni kisa cha mwindaji. Akiondolewa mwindaji, picha haina neno la kusema.

Isidhaniwe kwamba picha za wageni ndizo pekee zilizokuwako magharibi ya Tanganyika. Huko Usukuma, kaskazini ya Tabora, wafuasi wa Buyeye, chama cha waganga wa nyoka, walikuwa na desturi ya kuchora ukutani mwa nyumba zao sura za nyoka, za watu na za viumbe vingine, na Hans Cory alizitangaza picha hizo katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1953. Picha za Buyeye hazikuwa pambo tupu. Zilikuwa sehemu ya mafundisho ya chama. Kwa hiyo wazo la kwamba mchoro wa mnyama waweza kuwa elimu yenyewe halikuletwa na meli katika nchi hizi. Lilikuwako kabla ya vitabu vya Kingdon, tena karibu na mahali alipozaliwa.

Wazazi wa Kingdon walikuwa Waingereza, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alikulia Tanganyika, kisha akaenda Uingereza kusoma uchoraji katika chuo cha Ruskin, Oxford, na baadaye katika Royal College of Art, London. Mwaka 1960 aliingia Makerere kufundisha katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Shule hiyo ilikuwa imekwisha kuwatoa watu mashuhuri. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma hapo na kufundisha hapo kabla ya kuwa balozi wa nchi yake London baada ya uhuru. Gregory Maloba ndiye aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho wa uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, iliyosimama Kampala. Elimo Njau alichora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi.

Njia ya Trowell ilijengwa juu ya kumbukumbu na masimulizi. Mwalimu aliwasimulia wanafunzi kisa, nao wakakitafutia sura katika fikira zao wenyewe. Hakutaka waige mtindo wa Ulaya wa kunakili umbo. Picha za Ntiro zina alama ya malezi hayo: watu wa kijiji wakifanya kazi pamoja, wamewekwa kwa mpango, kila mmoja akiwa sehemu ya jamii kabla ya kuwa yeye mwenyewe. Trowell alistaafu mwaka 1958, na uongozi ukashikwa na Cecil Todd, ambaye alitilia mkazo elimu ya rangi na mazoezi ya umbo. Kingdon aliingia wakati huo wa mabadiliko, lakini kazi yake haielezeki kwa mabadiliko hayo tu. Ntiro alianza na kumbukumbu akaelekea kwenye mpango wa picha. Kingdon alianza na mwili, mara nyingi mwili wa mnyama aliyekufa uliolazwa mezani, na hakukubali kuuacha hata ajue kwa nini umeumbwa vile.

Mfano mzuri ni mhanga, ambaye yumo katika juzuu ya kwanza, ya mwaka 1971. Mhanga ni mnyama wa usiku. Ana masikio marefu kama ya punda, pua ndefu, mgongo uliopindana na kucha zenye nguvu ya kufukua ardhi iliyokauka. Chakula chake ni mchwa na siafu. Meno yake hayana ile ngozi ngumu ya nje iliyoko katika meno ya wanyama wengine. Mtu akimwona mara moja huweza kumdhania kuwa ni mkusanyiko wa viungo vilivyoazimwa: masikio ya huyu, pua ya yule, mkia wa mwingine. Wachoraji wengi wa zamani walimchora hivyo hasa, wakajumlisha viungo wakapata kichekesho.

Kingdon hajumlishi. Kama walivyo wanyama wengine katika vitabu hivyo, mhanga haonyeshwi mara moja akiwa amesimama ubavu kama mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho. Mchoraji humrudia kiumbe yule yule katika mikao mingi, na karatasi moja hubeba sura kadhaa zisizotenganishwa kwa mipaka wala kuwekewa mandhari nyuma yake. Mfupa huwekwa karibu na mnofu, na mnofu karibu na ngozi. Mistari mingine ni mizito pale uzito unapokaa, kisha hufifia pale ambapo jicho halina la kujifunza. Jicho la msomaji hutoka katika fuvu likaenda kwenye kichwa chenye uhai, likarudi tena kwenye fuvu, na katika kwenda na kurudi huko hutambua kwamba bega lile nene na mgongo ule uliopinda si ajabu za maumbile. Ni chombo cha kuchimbia. Masikio, pua na kucha havikuazimwa popote. Vyote vyatumikia kazi moja. Kilichoonekana kichekesho kimekuwa hoja.

Hapo ndipo maana ya kale ya kuchora inapojitokeza. Kingdon mwenyewe, katika kueleza kazi yake, aliilinganisha kalamu na kisu cha mpasuaji, kwa kuwa vyote viwili hufunua muundo ambao haujitokezi kwa mtu apitaye. Mwingereza alihitaji mfano ili kuviunganisha vitu hivyo viwili. Kiswahili hakihitaji mfano, maana ncha ya kalamu na ncha ya patasi tayari zimo katika kitenzi kimoja. Aidha tofauti yake na njia ya misafara yaonekana wazi. Msafara ulimkata mnyama ukapata kalasha, buri na kipusa, yaani vipande vyenye bei. Mchoraji humkata mnyama yule yule, tena kwa kina zaidi, lakini kila kipande hurudishwa mahali pake, na thamani yake ni huko kurudi.

Jambo la pili lililo muhimu kwa watu wa lugha ni majina. Katika kurasa za mnyama mmoja mmoja Kingdon aliorodhesha majina ya mnyama huyo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki. Ni orodha fupi, na msomaji mwenye haraka huiruka. Hata hivyo kuwako kwake karibu na mchoro kunafanya kazi ambayo kamusi nyingi zimeshindwa kuifanya. Kamusi humweleza mnyama kwa kumfananisha: mnyama wa porini afananaye na mbuzi, mnyama mdogo kama paka. Maelezo ya namna hiyo humsaidia tu yule ambaye tayari anamjua mnyama. Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, aliiona hatari hiyo mapema, na katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1939 alijitahidi kuyafungamanisha majina ya mimea na wanyama na majina ya kitaalamu. Lakini jina la Kilatini humtosha mtaalamu peke yake. Mchoro humtosha kila mwenye macho.

Utatange wa majina si mdogo. Neno korongo ni mnyama mkubwa jamii ya palahala. Ni ndege mwenye miguu mirefu. Ni ufa uliochimbwa na maji ardhini. Palahala naye wengine humwita mbarapi. Neno paa laweza kuwa mnyama mmoja mahali pamoja na mwingine mahali pengine, wala halijatajwa bado paa la nyumba. Ngiri ni mnyama na ni maradhi. Nguva wa baharini amefunikwa na hadithi za samaki-mtu kiasi kwamba wengi walitajapo jina lake hawana hakika kama wanamtaja kiumbe wa kweli. Mhanga mwenyewe amepatwa na mkosi kama huo: mtu akisema leo kwamba fulani amejitoa mhanga, wasikilizaji wote huelewa, lakini wangapi kati yao wangemtambua mnyama mwenye jina hilo akitokea njiani usiku? Katika misitu ya miombo ya Tabora, walipo palahala, korongo, kongoni na tohe, mrina asali na mwindaji hawakuyachanganya majina haya, maana waliwajua wenye majina. Wanapopungua wajuzi hao, jina hubaki likielea. Penye mchoro kama wa Kingdon jina hupata mahali pa kutua.

Kwamba kuchora kwa namna hii ni kutafuta, na kwamba jibu laweza kukawia, kwathibitishwa na mifano miwili. Wa kwanza ni kima na tumbili wa misituni, ambao nyuso zao zina madoa, mistari na rangi za namna nyingi. Mchoraji mwingine angeziona nyuso hizo kuwa pambo. Kingdon alizichora akazilinganisha, na mwaka 1980 akachapisha uchunguzi uliozieleza kuwa ni ishara: nyuso na miendo ya kichwa hufanya kazi pamoja, mnyama apate kusema na mwenziwe penye kivuli cha majani. Mmoja wa jamii hiyo, mwenye mkia mwekundu, hupatikana Gombe, si mbali na Ujiji iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara.

Mfano wa pili ni panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu ubavuni, ambaye wataalamu humwita Lophiomys. Panya wa vitabu hivyo walitolewa mwaka 1974. Mwaka 2011 Kingdon na wenzake, akiwamo Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza kwamba panya huyu hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu katika manyoya ya ubavu, na kwamba manyoya hayo yana muundo wa pekee, yana matundu nje na nyuzi ndani, ili yapate kuifyonza sumu hiyo. Mbwa amwumaye hupata malipo yake. Siri ilikuwa katika umbo la unywele mmoja. Nalo jina msunguti, mti ambao wawindaji walitoa sumu ya mishale, lilikuwa limetunza nusu ya habari hiyo katika Kiswahili kwa muda mrefu; mnyama alikuwa akifanya kwa manyoya yake kile mtu alichofanya kwa mshale.

Sifa hizi zisifiche upungufu. Kwanza, mtu hayumo. Weupe wa karatasi unaomzunguka mnyama humwokoa na bunduki ya msafiri, na hilo ni jema. Lakini weupe huo huo humwondoa pia mrina asali, mpagazi na mfuasi wa Buyeye, ambao bila wao majina yale yasingepatikana. Wamebaki katika orodha kama sauti isiyo na uso. Mchoraji aliyeweza kuonyesha jinsi bega la mhanga linavyotumikia kucha zake angeweza, laiti angependa, kuonyesha mkono wa mtu unaosoma nyayo za mhanga huyo. Pili, mnyama hutengwa na nchi yake. Miombo ina rangi na vumbi lake, na mwenye kumjua palahala humjua kwanza kwa jinsi anavyosimama katikati ya miti. Hilo limesalia kwa maneno tu. Tatu, vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kutolewa London na Academic Press, na baadaye vikatolewa tena Marekani na chuo kikuu cha Chicago. Majina yalitoka kwa wasemaji wa lugha za Afrika ya Mashariki, lakini maelezo yaliyojengwa juu yake yalikwenda kwa wasomaji wengine. Hali hiyo yafanana kupita kiasi na ile safari ya zamani ya kutoka Tabora kwenda pwani.

Upungufu wa tatu hauwezi kutwikwa mchoraji peke yake. Alitimiza sehemu yake: alitazama, alichora, aliandika jina kando ya umbo. Baada ya vitabu hivyo alitoa vingine, vikiwamo Island Africa mwaka 1989, mwongozo wa wanyama wa Afrika mwaka 1997, na pamoja na wenzake juzuu sita za Mammals of Africa mwaka 2013. Katika zote mwanzo ni ule ule wa Makerere, yaani kalamu na mwili wa mnyama. Sehemu iliyosalia ni ya wenye lugha. Kamusi ya wanyama ya Kiswahili yenye mchoro wa kweli kwa kila jina, na yenye kutaja mahali jina linapotumika, ingewafaa walimu, waandishi na walinzi wa mbuga kuliko maelezo mengi ya kufananisha. Tena uhakiki wa picha kwa Kiswahili wahitaji msamiati wake. Maneno hayako mbali: mstari, uzito wa mstari, kufifia, kivuli, mkao, weupe wa karatasi. Yote yamekwisha kutumika katika ufundi wa ubao na udongo, na hakuna sababu ya kuyaogopa mbele ya karatasi.

Mwisho, pana hukumu ya kutolewa kuhusu nafasi ya michoro hii katika sanaa ya Afrika ya Mashariki. Ni desturi kuianza historia ya sanaa hiyo na picha za watu, na kuwaweka wachoraji wa wanyama kando, ama pamoja na vitabu vya sayansi ama pamoja na vitu vya kuuziwa watalii. Michoro ya Kingdon haikubali kuwekwa katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Mtalii hutaka mnyama amjue mara moja. Michoro hii humchelewesha. Mwanasayansi hutaka kielelezo kimoja kilicho sahihi. Michoro hii humpa kumi zenye kuulizana. Njia iliyopita Tabora ilifundisha vizazi viwili au vitatu kumhesabu mnyama kwa frasila. Mzaliwa wa mji huo alitumia maisha yake kumhesabu kwa mistari, akaandika jina lake kando, na kuwaachia wenye jina kazi ya kulisoma.